Jinsi ya Kupunguza Mabomba ya Haidroliki kwenye Ndege Unayoiunda Mwenyewe

Banda letu liko Igombe, Mwanza, karibu na Ziwa Victoria kiasi kwamba upepo wa jioni ukivuma unasikia mawimbi yakigonga mawe. Ndani yake kuna ndege ya watu wawili tunayoiunda kwa mikono, ya kutua majini na nchi kavu. Tumbo lake ni kama la boti, na magurudumu yake matatu hukunjwa na kushushwa kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu kupitia mabomba. Michoro ilitoka Marekani, ambako mtu anaruhusiwa kujiundia ndege yake ili mradi sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu wanaoiunda kwa kujifunza au kujiburudisha. Kazi yangu mimi ni haidroliki, yaani mifumo hiyo ya mafuta yenye presha. Nilianzia kwenye tipa na forklift, na siku niliyoufungua mchoro wa mafuta wa ndege hii kwa mara ya kwanza nilihesabu nati 58 za kuunganisha mabomba. Leo zimebaki 26.

Naandika jinsi tulivyofika hapo, kwa sababu nimeona watu wakipunguza mahali pasipopaswa kupunguzwa. Kurahisisha maana yake ni kuyaondolea mafuta kazi zisizo zake. Vitu vinavyokuokoa siku mambo yakiharibika vinabaki palepale.

Jambo moja kabla ya spana: mabadiliko haya hayafanywi kimyakimya. Mwandikie mbunifu wa ndege umweleze unachotaka kuondoa, na wahusishe watu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, tangu mchoro ungali kwenye karatasi. Kufuta mstari kwa ufutio ni kazi ya dakika moja. Kulikata bomba lililokwisha kufungwa ndani ya bawa ni kazi ya wiki nzima.

Hatua ya kwanza: chora, kisha hesabu nati

Usianze na mchoro uliochapishwa. Chora wa kwako kwenye karatasi kubwa, ukitumia kalamu nyekundu kwa bomba la presha ya kushusha, buluu kwa la kupandisha, na nyeusi kwa yale ya kurudi kwenye tangi. Kila mahali nati inapokaza bomba, weka nukta. Kila fitingi (kiungio cha mabomba) ya kona ina nukta mbili, kila fitingi ya tii, yenye umbo la herufi T, ina tatu. Ukimaliza, hesabu nukta na uandike jumla juu ya karatasi.

Namba hiyo ina maana kwa sababu bomba zima la aluminiamu lililokatwa na kupindwa vizuri ni nadra kuvuja katikati. Mafuta hutokea kwenye viungo. Kila nati uliyoiondoa ni mahali ambapo hutalala chali na tochi mdomoni ukitafuta tone.

Hatua ya pili: uliza kila kazi kama inahitaji mafuta

Mchoro wetu wa mwanzo uliyapa mafuta kazi tatu: magurudumu, flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), na milango ya kufunika magurudumu. Breki zilikuwa na mfumo wake pembeni.

Flapu hazikuhitaji mafuta. Kwa ndege ndogo, mkono wa rubani akivuta wenzo wenye meno ya kushikilia unatosha, na mbunifu alikuwa na mchoro wa wenzo huo tayari. Nati 12 zikaondoka, pamoja na silinda moja na valvu moja. Kama wenzo haufai kwenye ndege yako, mota ndogo ya umeme yenye skurubu ndefu hufanya kazi hiyohiyo bila tone la mafuta.

Milango ilikuwa na silinda zake pamoja na valvu za kupanga zamu, zile zinazosubiri mlango ufunguke ndipo mguu wa gurudumu ushuke. Hizi zinanipa wasiwasi kuliko kitu chochote kwenye haidroliki. Valvu ya zamu ikinata, mguu unashuka juu ya mlango uliofungwa. Tulizitoa zote, tukaunganisha mlango na mguu kwa fito nyembamba ya chuma, hivi kwamba mguu wenyewe ukishuka unausukuma mlango na ukipanda unauvuta. Nati nane zikaondoka. Ilituchukua majuma matatu kupata urefu sahihi wa fito, na yalikuwa majuma matatu yenye faida.

Breki ziache peke yake. Nimeona mchoro ambamo mtu alitaka breki zipate mafuta kutoka pampu ya magurudumu ili kuokoa tangi moja dogo. Usifanye hivyo. Pampu ikifa au bomba la magurudumu likipasuka, bado unataka kusimama mwisho wa njia ya ndege. Silinda ndogo chini ya kila kanyagio, yenye kikombe chake cha mafuta kichwani, bomba moja hadi kwenye gurudumu, basi.

Hatua ya tatu: pampu inayozunguka pande mbili

Mfumo wa kizamani una pampu inayozunguka upande mmoja, na valvu ya kuchagua ndani ya chumba cha rubani inayoelekeza mafuta yapande au yashuke. Valvu hiyo ina matundu manne, kwa hiyo nati nne, tena unayaleta mabomba ya presha hadi miguuni pako.

Badala yake tuliweka pampu ya umeme yenye tangi lake lililoshikamana nayo, ambayo mota yake huzunguka kulia kwa kushusha na kushoto kwa kupandisha. Rubani anabonyeza swichi tu. Bomba moja likipokea presha, lingine linarudisha mafuta, na presha ikifika kiwango swichi ya presha inakata umeme. Ndege za kiwandani kama Piper PA-28R zimetumia mpangilio wa namna hii kwa miongo mingi, kwa hiyo si jaribio. Chumbani kwa rubani sasa halipiti bomba la presha hata moja.

Ifunge pampu mahali unapoweza kuifikia bila kung'oa kiti. Mota hii hula umeme mwingi kwa sekunde chache, kwa hiyo tumia waya mnene, relei nzito (swichi inayowashwa kwa umeme) na sakiti breka yake yenyewe ya kukata umeme ukizidi. Waya wa umeme upite juu ya mabomba ya mafuta, usipite chini yake, na usiufunge kamwe kwenye bomba.

Hatua ya nne: ondoa kona, kusanya viungo

Hapa ndipo wengi wanapata ushindi mkubwa kwa gharama ndogo. Fitingi ya kona huwekwa kwa sababu fundi alikuwa na haraka. Bomba la robo inchi la aluminiamu laini, aina ya 5052-O, hupindika kwa kifaa cha mkono bila shida. Kila kona niliyoigeuza kuwa pindo iliondoa nati mbili, nami nilikuwa na kona nne. Jumla: 12 za flapu, 8 za milango, 4 za valvu, 8 za kona. Ni 32.

Fitingi za tii tulizibadilisha kwa bloku moja ya aluminiamu yenye matundu, moja kwa kila mstari. Nataka niwe mkweli hapa: bloku haipunguzi sana idadi ya viungo. Faida yake ni kwamba viungo vyote vya kugawanya mafuta vimekaa mahali pamoja, nyuma ya kifuniko kimoja, na unavifikia kwa mkono na tochi. Kwangu hilo lina thamani sawa na kupunguza.

Pale bomba linapopita kwenye ukuta wa kawaida wa ndege, tundu lenye mpira wa kinga linatosha. Lakini kuta zinazozuia maji tumboni ziache na fitingi zake za kupenyeza ukutani. Tumbo la ndege ya majini limegawanywa vyumba ili likitoboka sehemu moja lisijae lote, na tundu lenye mpira uliolegea linaharibu kazi hiyo yote.

Vitu ambavyo huviondoi

Siku moja mwenye ndege, mzee wetu, alisimama nyuma yangu nikiwa nafuta mistari. Akaona valvu ndogo imechorwa pembeni ya silinda.

"Fundi, hiki kidude hakifanyi kazi yoyote. Magurudumu yanapanda bila hiki. Mbona hujakifuta?"

"Hapana mzee wangu. Hicho kinafanya kazi ndege ikiwa imelala."

Nikamweleza hivi. Mafuta yakifungiwa kati ya pampu na silinda, hayana pa kwenda. Ukiacha ndege asubuhi kuna ubaridi, mchana bati la banda linawaka na ndani kunapita nyuzi joto 35. Mafuta hutanuka yakipata joto, na yakiwa yamefungiwa kwenye bomba gumu presha hupanda takriban baa 10 (baa ni kipimo cha presha) kwa kila nyuzi moja. Nyuzi 15 tu ni baa 150, kwenye mfumo uliopangwa kwa baa 70. Mabomba ya mpira ya presha hutanuka kidogo na kupunguza makali, lakini huwezi kuyategemea. Valvu ile ya joto hufunguka na kuachia matone machache yarudi kwenye tangi. Mara nyingi imo ndani ya pampu yenyewe. Hakikisha kwamba imo, na kwamba inahudumia mstari wa kushusha na wa kupandisha yote miwili.

Mzee akanyamaza, kisha akasema, "Basi ichore kwa wino mweusi isifutike."

Cha pili kisichoguswa ni njia ya dharura. Kwetu ni valvu ya mkono inayounganisha mstari wa kupandisha na wa kushusha. Ukiifungua, presha inayoshikilia magurudumu juu inaisha na miguu mikuu inaanguka kwa uzito wake, ule wa mbele ukisukumwa na springi ya gesi dhidi ya upepo. Wenzo wake uwe karibu, uwe na rangi nyekundu, na uweze kufunguliwa kwa mkono mmoja gizani.

Cha tatu ni kufuli ya chuma ya kila mguu ukiwa chini. Mafuta yashushe mguu, lakini uzito wa ndege ubebwe na fito zenye kiungo ambazo, zikinyooka na kupita kidogo mstari wa katikati, hujifunga zenyewe.

Cha nne ni taa za kuonyesha magurudumu yako wapi, zenye swichi kwenye kila mguu. Kwa ndege ya kawaida kusahau kushusha magurudumu ni hasara. Kwa ndege ya majini hatari kubwa iko upande wa pili: ukigusa maji magurudumu yakiwa chini, yanakamata maji na ndege inapinduka mbele na watu ndani. Kwa hiyo hatukuondoa taa hata moja, na tuliongeza kioo kidogo kwenye bawa ili rubani aone kwa macho yake. Ndege hii inakupa chaguo ambalo nyingine hazina: magurudumu yakigoma kushuka, tua ziwani, yakigoma kupanda, rudi uwanja wa ndege. Lakini chaguo hilo ni lako tu kama unajua kwa hakika yamegomea wapi.

Hatua ya tano: hesabu silinda na tangi

Usibadilishe silinda kwa kukadiria. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 25 ina eneo la sentimita za mraba 4.9. Kwa presha ya baa 70 inasukuma kama kilo 350. Ikivuta, fito ya silinda yenyewe, ya milimita 12, inakula sehemu ya eneo hilo, zinabaki 3.8 na nguvu inashuka hadi kama kilo 270. Hakikisha upande dhaifu unatosha kazi yake, kwa sababu mara nyingi watu wanapima upande wenye nguvu tu.

Fito hiyohiyo inakuletea hesabu ya tangi. Kama silinda inasafiri sentimita 20, upande mpana unabeba mililita 98 na upande wa fito 76. Tofauti ni mililita 22 na ushee, na kwa silinda tatu ni kama 68. Mafuta hayo yanaingia na kutoka kwenye tangi kila magurudumu yanapopanda na kushuka. Ukijaza tangi hadi juu wakati fito zimetoka nje, fito zikirudi ndani linafurika. Pima mafuta magurudumu yakiwa mahali palepale kila siku, na uandike mahali hapo kwenye kibandiko cha tangi.

Tundu la tangi la kupumulia lifunikwe kwa wavu mwembamba kabisa. Nyie mnaoishi huku mnawajua wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi juu ya maji. Wakija usiku kwenye taa ya banda, asubuhi wamejaa kila tundu. Nyigu wa udongo nao hawahitaji zaidi ya siku mbili.

Hatua ya sita: mafuta na oringi

Tunatumia mafuta ya madini mekundu ya ndege, yale ya namba 5606, kwa magurudumu na breki pia. Aina moja kwa ndege nzima ni kurahisisha kwa kweli. Mafuta ya namba 83282 ni ya sintetiki, hayashiki moto kwa urahisi, na yanakubaliana na mipira ileile.

Usidanganywe na rangi. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki nayo ni mekundu. Na mafuta ya breki ya gari ni kitu kingine kabisa: yanataka mipira ya aina nyingine, na mipira hiyo ikikutana na mafuta ya madini inaharibika. Tatizo ni kwamba oringi, zile pete za mpira za kuzuia mafuta, zote ni nyeusi. Unayohitaji ni ya mpira wa nitraili, lakini kwenye bakuli la duka haikuambii.

Nilijifunza kwa oringi niliyoinunua mjini, saizi sawasawa, bei nzuri. Kabla ya kuifunga niliitia kwenye kikombe cha kioo chenye mafuta mekundu Ijumaa jioni. Jumatatu nilipoitoa kwa kibano ilikuwa imenenepa na kulegea. Nikaiweka kando ya mwenzake mpya juu ya karatasi: ilikuwa kubwa kwa upana wa kucha, na haikuingia tena kwenye mtaro wake. Tangu siku hiyo kila oringi inayoingia bandani inalala kwenye kikombe kwanza, hata iliyokuja kwenye pakiti yenye maandishi.

Hatua ya saba: kukata, kupanua mdomo na kukaza

Kata kwa kikata-bomba chenye gurudumu kali, ondoa makali ya ndani, safisha kwa hewa. Ingiza nati na pete yake ya kushikilia bomba kabla ya kupanua mdomo wa bomba. Kila fundi amewahi kusahau hili, na bomba zuri likaenda na maji.

Mdomo wa bomba la ndege hupanuliwa kwa pembe ya nyuzi 37. Kifaa cha mafundi friji na magari hutoa nyuzi 45. Mwanzoni niliazima cha jirani fundi friji, na kila kitu kilionekana kukaa sawa. Mafuta yakatokea. Nilipofungua niliona alama: badala ya mkanda mpana uliofifia kuzunguka mdomo wote, kulikuwa na mstari mmoja mwembamba unaong'aa. Chuma kiligusana kwenye mstari huo tu. Tukatupa mabomba yote sita.

Usizungushe tepu nyeupe ya mabomba ya maji kwenye nati hizi. Mafuta huzuiwa na mdomo wa bomba, uzi wa nati haufanyi kazi hiyo, na vipande vya tepu vitasafiri hadi kwenye valvu na kuiziba. Tone la mafuta yaleyale kwenye uzi linatosha. Shika fitingi kwa spana moja na kaza nati kwa nyingine yenye kipimo: kwa bomba la robo inchi la aluminiamu laini ni inchi-pauni 40 hadi 65, yaani takriban Nm 4.5 hadi 7.3. Nati ikivuja ikiwa imekazwa hivyo, ifungue uangalie. Kuikaza zaidi kunapasua mdomo.

Bomba kati ya ncha mbili zilizofungwa lisiwe limenyooka kabisa. Liwe na pindo mahali fulani, ili mtikisiko na joto vipate pa kwenda. Lishikilie kwa vibano vyenye mpira kila sentimita 30.

Hatua ya nane: kujaza, kutoa upepo, kupima

Inua ndege kwa jeki, magurudumu yote yaning'inie. Jaza tangi, pandisha na shusha polepole mara kumi au zaidi, ukiongeza mafuta kila mara. Kwenye mfumo huu upepo hurudi wenyewe kwenye tangi. Mguu ukienda kwa kurukaruka, bado upo. Breki toa upepo kutoka chini kwenda juu, ukisukuma mafuta kutoka kwenye gurudumu mpaka kikombe cha kanyagio kiache kutoa mapovu.

Kisha funga pampu ya mkono yenye geji, na ukiwa umeziba valvu za usalama kwa muda, panda hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi. Kwetu ni baa 105, dakika kumi. Usitafute mvujo kwa kidole. Tundu dogo kama ncha ya sindano linaweza kupenyeza mafuta chini ya ngozi, na jeraha hilo linahitaji upasuaji hata kama linaonekana kama kuumwa na mdudu. Tumia kipande cha boksi, upitishe taratibu kandokando ya bomba. Ukimaliza, zizibue valvu na umwite mtu wa pili ahakikishe.

Usiku wa kwanza, zungushia karatasi nyeupe ya msalani kila nati, zote 26, na andika namba kwenye kila karatasi. Asubuhi, nukta nyekundu yenyewe itakuambia ni ipi.

Ukianza kwenda majini

Kila ukitoka ziwani, angalia vyumba vya magurudumu kabla ya kukunja miguu tena. Magugu maji hujiviringisha kwenye fito na kunasa swichi za taa. Futa fito za silinda kwa kitambaa safi, kwa sababu mchanga wa ufukweni ukiburutwa ndani unakata sili. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, lakini yanakaa chini ya mipira ya vibano na kuila aluminiamu taratibu, kwa hiyo kila baada ya miezi michache legeza vibano vya chini na ukaushe.

Na ukiwa hewani, sikiliza pampu. Ikiwa magurudumu yako juu na pampu inawaka yenyewe kila baada ya dakika chache, presha inapotea mahali fulani. Kama karatasi zako hazina doa, mafuta yanapita ndani, kwenye sili ya silinda au valvu ya pampu. Andika umepita muda gani kati ya mlio mmoja na mwingine. Muda huo ukipungua wiki hadi wiki, ndege irudi kwenye jeki.